Noah ya zamani, viti nane na ukoo mzima: safari ya Handeni hadi Korogwe

Ilikuwa saa 12 asubuhi, Jumamosi ya Desemba, na pale Chanika, katikati ya mji wa Handeni, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa akikagua oili ya gari lake kabla ya safari. Hakufungua boneti. Alifungua mlango, akafyatua vishikizo vya kiti cha mbele na kukipindua kiti kizima kuelekea nyuma. Pale ambapo mkewe angekaa nusu saa baadaye, palikuwa na injini.

Ndivyo ilivyo Toyota Noah ya toleo la kwanza, ile ambayo madalali wa magari nchini wanaiita Noah Old Model. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 ikiwa na majina mawili, LiteAce Noah na TownAce Noah, na injini yake imelazwa chini ya viti vya mbele. Ya mwalimu huyu ni ya mwaka 1999, ya petroli, yenye injini ya cc 1998, na ina namba C. Imemzidi umri mtoto wake mkubwa zaidi ya mara mbili.

Ukiiwasha, sauti ya dada wa Kijapani husema maneno machache kutoka chini ya dashibodi. Ni kifaa cha kulipia tozo katika barabara kuu za Japani ambacho hakuna aliyewahi kukiondoa. Mtoto wa mwisho, mwenye miaka minne, humwamkia kila asubuhi: "Shikamoo." Hajawahi kuitikiwa, naye hajakata tamaa.

Safari ya siku hiyo ilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kumchukua bibi, mama yake mwalimu, anayeishi Manundu mjini Korogwe, aje kukaa Handeni likizo yote. Magoti ya bibi hayawezi tena ngazi za basi. La pili lilikuwa zito zaidi. Dereva mmoja wa michomoko katika stendi ya Korogwe alikuwa ameipenda Noah hiyo na kutaja Sh7.5 milioni, taslimu, na aliahidiwa jibu siku hiyohiyo.

Baba alitaka kuuza. Mama, fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, hakuwa amesema lolote, na ukimya wake ulikuwa na uzito wake: zaidi ya nusu ya fedha zilizolinunua gari hilo zilitoka kwenye kikoba chake.

Mlango wa upande wa mtaro

Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 za lami. Wakazi wanaokumbuka barabara ya udongo mwekundu husimulia safari hiyo kama watu wa pwani wanavyosimulia mawimbi. Siku hizi unapita Misima, unapita Sindeni, unashuka taratibu huku Milima ya Usambara ikijitokeza mbele yako kama ukuta wa buluu, kisha joto linaongezeka, mkonge unaanza kuonekana, na baada ya kuvuka Mto Pangani uko Korogwe.

Ni safari fupi, lakini familia yenye watoto watatu huifanya kuwa ndefu. Huyu anataka kujisaidia, yule kichefuchefu, wa tatu ameona machungwa. Hapo ndipo gari hili linapoonyesha kwa nini wazazi wengi wamelipenda kwa miaka yote hii.

Noah ya zamani ina mlango mmoja tu wa kuteleza kwa nyuma, na mlango huo uko kushoto. Japani, kama Tanzania, watu huendesha upande wa kushoto wa barabara. Maana yake ni kwamba mtoto anayeshuka hushukia upande wa mtaro na majani, hawezi kabisa kushukia upande ambako malori yanapita. Toleo lililofuata, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2001, lilipewa milango ya kuteleza pande zote mbili, na wengi huona hayo ni maendeleo. Mama mwenye mtoto wa miaka minne anaweza kuliona jambo hilo kwa namna nyingine.

Ndani mtu mzima anaweza kuinuka nusu, akageuka nyuma, akamfuta mtoto mdomo na kurudi kukaa. Viti vya nyuma vikikunjwa, gari hubeba cherehani mbili na majora ya vitambaa, na kesho yake likabeba magunia ya mahindi kutoka shamba. Handeni pia hubeba maji. Mji huo una historia ndefu ya kiu. Mradi wa HTM uliojengwa miaka ya 1970 huchota maji Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kuyasukuma kupandisha Handeni, na kwa miaka mingi bomba likikohoa watu hurudi kwenye madumu. Noah ikikunjwa viti hubeba madumu mengi ya lita 20. Si ajabu gari lenyewe lina jina la Nuhu.

Redio, kwa upande mwingine, ni kama haipo. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Mwalimu aliwahi kuuziwa kifaa cha kurekebisha, kikadumu wiki mbili. Tangu hapo familia huimba.

Mikanda iliyofukiwa

Walipoinunua mwaka 2017 kutoka kwa mtu wa Tanga mjini, viti vilikuwa vimeshonewa upya kwa ngozi bandia ya rangi ya maziwa, mshono mzuri, na mama aliukubali kama fundi mwenzake. Ilimchukua miezi kadhaa kugundua kwamba kiti cha kati na cha nyuma havikuwa na mikanda. Alidhani ilikatwa. Siku moja alipokuwa akitafuta shilingi mia ya mtoto chini ya kiti, vidole vyake vikagusa kifungo cha chuma.

Mikanda ilikuwapo yote. Fundi wa viti alikuwa ameifukia chini ya sponji kwa sababu ilimharibia mshono. Mama alichukua mkasi wake wa kazi, akatoboa ngozi ile ya rangi ya maziwa, akaitoa mikanda mmoja mmoja na kuzungushia matundu uzi mnene ili yasichanike zaidi. Mikanda minane, kwa viti vinane. Ile ya pembeni hupita begani na kiunoni; ya katikati ni ya kiunoni tu, kama magari mengi ya umri huo.

Mzazi yeyote mwenye Noah, Ipsum, Spacio au Wish ya zamani anaweza kufanya kazi hiyo leo jioni, kwa tochi ya simu. Japani ilifanya kiti cha mtoto kuwa lazima kisheria kwa walio chini ya miaka sita kuanzia Aprili 2000. Hapa kwetu wanaharakati wa usalama barabarani wamelia kwa miaka mingi kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumfikiria mtoto. Kiti cha mtoto cha mtumba kinapatikana, na hufungwa kwa mkanda huohuo uliofukiwa. Cha mtoto wa mwisho wa mwalimu kina picha ya twiga aliyefutika uso.

Jambo moja watu hawapendi kulisikia kuhusu gari hili: pua yake ni fupi. Ikigonga kitu kwa mbele, hakuna boneti ndefu ya kupokea kishindo kabla hakijafika kwenye magoti ya waliokaa mbele. Kwa hiyo mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele, ambaye unamwona kila siku barabara hii akiwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, amekaa mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari. Na aliyekaa safu ya mwisho kabisa ana kioo cha nyuma kisogoni. Nafasi ya kati, nyuma ya dereva, ndiyo ya watoto.

Neno la fundi

Korogwe walifika kabla ya saa 3. Bibi alikuwa amekwisha kuvaa, mfuko wake mlangoni, lakini alitaka kwanza wajukuu wale. Mwalimu akatumia nafasi hiyo kulipeleka gari kwa fundi wake wa siku zote, mzee mwenye gereji ya mabati isiyo na bango, ambaye wateja wake humpata kwa kuuliza.

Fundi huyo ana msimamo wake kuhusu Noah, na huutoa bila kuombwa. Injini ya Old Model ya petroli, inayojulikana kama 3S, anaisifu kama mtu anavyomsifu ng'ombe wa maziwa. Ni injini ileile iliyofungwa kwenye RAV4 za kwanza, Ipsum za kwanza, Caldina na Corona, kwa hiyo spea zake hazihitaji safari ya Dar es Salaam kila mara. Haina mambo mengi ya umeme. Fundi mwenye spana na akili anaifungua na kuifunga.

Kuhusu toleo lililofuata, ile New Model yenye injini ya D-4, uso wake hubadilika. Injini hiyo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Ni teknolojia nzuri kwa petroli safi na huduma ya wakati. Hapa huziba masizi kwenye njia ya hewa, pampu huchoka, na baadhi ya injini za ukoo huo zina tatizo linalojulikana la boliti za silinda hedi kulegea kwenye nyuzi zake. "Ukiuza hii ukanunua ile," alimwambia mwalimu, "umebadilisha mke mzee anayejua jiko kwa binti anayetaka hoteli." Mwalimu alicheka. Fundi hakucheka.

Lakini hata yeye hakuificha kasoro kubwa ya Old Model. Injini iko katikati, rejeta iko mbele kabisa, na kati yao maji husafiri kwenye mipira na mabomba marefu. Mengi ya magari haya yana pia hita ya abiria wa nyuma, na mabomba yake hupita chini ya sakafu, mahali ambapo tope na mawe hupiga. Yakioza kwa kutu, maji huvuja kidogokidogo pasipoonekana. Na kwa kuwa injini imefunikwa na viti na zulia, dereva husikia harufu akiwa amechelewa. Gari likichemsha mara mbili tatu, gasketi inaungua, hedi inapinda, na bei ya kutengeneza inakaribia bei ya kununua injini nyingine ya mtumba.

Siku hiyo, akiwa amelala chini ya gari, aligusa bomba moja la hita ya nyuma na vidole vikatoka na unyevu. Ushauri wake ulikuwa mfupi: hiyo hita ikatwe, mipira iunganishwe juu kwa juu, maji yasishuke nyuma tena. "Korogwe hii, na joto hili, hita ya nyuma mnampikia nani?" Kazi ya saa mbili. Mwalimu aliangalia saa. Alisema atarudi wiki ijayo. Alinunua kipande cha mpira na klipu mbili, akavitupa nyuma ya kiti pamoja na dumu la maji, ili asionekane amepuuza.

Kuna kitu kingine ambacho fundi alimwonyesha kwa mara ya kwanza. Karibu na injini kulikuwa na kibandiko kilichofifia, maandishi ya Kijapani na tarakimu chache. Ni kibandiko cha mkanda wa taimingi, ambacho gereji za Japani hukibandika kila zinapoubadilisha. Mwaka ulioandikwa ni wa 12 wa zama za Heisei, yaani mwaka 2000. Toyota inashauri mkanda wa injini hiyo ubadilishwe kila kilomita 100,000. Mwalimu alikumbuka kwamba aliubadilisha mwenyewe mwaka 2019, akashukuru kimyakimya. Kwa anayenunua gari la aina hii, kibandiko hicho husema ukweli kuliko dashibodi, kwa sababu tarakimu za dashibodi hurudishwa nyuma na wajanja na kibandiko husahaulika.

Hesabu ya baba

Sababu za baba za kuuza hazikuwa za kipuuzi. Handeni–Korogwe kwenda na kurudi ni kilomita 130, na Noah ikiwa imejaa watu huwa anapiga hesabu ya lita 15 hadi 17. Toyota IST ingekula karibu nusu yake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, yeye huzisoma kama matokeo ya mtihani. Tena kuna matairi manne yaliyokaribia kustaafu. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yake yalisomeka mwaka 17, na joto la bonde la Korogwe halina huruma na mpira wa zamani hata kama kashata zake bado zimesimama.

Lakini IST ina viti vitano, na wao na bibi ni sita. Kuagiza jingine kubwa kutoka Japani kuna ukuta wake: TRA hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza lililozidi miaka minane. Wajapani wenyewe huyaacha magari mapema kwa sababu ukaguzi wao wa lazima, unaokuja gari likitimiza miaka mitatu na kisha kila baada ya miwili, una gharama. Kwa hiyo gari linalowalemea wao linakuwa ghali kwetu likiwa jipya kidogo, na ghali kwa kodi likiwa limezeeka. Ndiyo maana Noah zilizokwisha kuingia nchini hazishuki bei kama zinavyostahili, na ndiyo maana mtu wa michomoko alikuwa tayari kulipa taslimu.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo baba hakuitaja mbele ya bibi. Alichoka kuwa dereva wa ukoo. Mtu akiugua usiku, simu inaita. Harusi, inaita. Wanafunzi wa bweni wanafungua shule, masanduku yanapangwa barazani kwake. Katika mji kama Handeni, Noah ya mtu si ya mtu. Nafasi ikionekana, ina mwenyewe tayari.

Watu kumi na mmoja

Hilo lilitimia saa 7 mchana. Kaka mkubwa wa mwalimu, anayeishi jirani na bibi, alifika na watu watano waliokuwa wakielekea msibani Misima: wazee wawili, mume na mke, na vijana watatu.

"Shemeji, tumewaletea wenzenu wa safari," alimwambia mama.

Mama alisalimia wote, akawapa wazee pole ya msiba, kisha akahesabu. Wao watano na bibi, sita. Viti viwili vilibaki.

"Shemeji, nisamehe. Wazee wawili waingie. Vijana wapande gari la stendi, nauli nitatoa mimi."

"Shemeji, hii ni Noah! Pale stendi wanapakia kumi na mbili."

"Mikanda iko minane, shemeji. Niliitoa mwenyewe kwa mkasi."

Palikuwa na ukimya wa aina inayojulikana na kila mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo mkubwa. Mwalimu aliangalia matairi. Kuwaacha waombolezaji njiani si jambo dogo kwa watu wa Tanga, na kaka mkubwa alijua hivyo. Lakini mama naye alijua lake. Usiku wa Februari 3, 2023, katika wilaya hiyohiyo ya Korogwe, eneo la Magila Gereza, Coaster iliyokuwa imebeba mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iligongana na Fuso, na taarifa ya awali ilitaja watu 17 waliopoteza maisha. Wengi walikuwa ndugu. Hakuna aliyeusahau usiku huo Korogwe, ila husahaulika mchana, gari likiwa limewashwa na watu wakiwa wamesimama.

Aliyeumaliza ubishi ni bibi, akiwa tayari amekaa karibu na mlango wa kuteleza. "Hao wazee waketi. Vijana wana miguu na stendi wanaijua." Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa: "Nawe kama una haraka na msiba, ungenunua la kwako."

Vijana walipewa nauli. Kaka mkubwa hakuaga.

Sindeni

Mnunuzi walimkuta stendi. Alilizunguka gari, akapiga bodi kwa kidole hapa na pale, akainama kuangalia chini, akasema fedha ziko tayari. Alikuwa kijana mpole, mwenye watoto wawili, na alisema wazi angeongeza benchi nyuma. Mwalimu alimwambia atampigia jioni.

Ukitoka Korogwe kurudi Handeni unapanda. Hakuna kona za kutisha kama za Mombo kwenda Lushoto, ila ni mpando wa muda mrefu, na saa 8 mchana wa Desemba, watu wanane ndani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa ajili ya wazee, injini ya chini ya kiti ina kazi. Mama, aliyekaa mbele, aliona joto la kawaida la miguuni limekuwa la kuchoma. Akaangalia dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umepita katikati na unaendelea.

"Baba, simama."

"Tufike pale Sindeni, pana kivuli."

"Simama sasa."

Alisimama. Mlango wa kuteleza ulifunguliwa, na watoto, wazee na bibi wakashukia kushoto, kwenye majani, huku lori la saruji likipita upande wa pili kwa kishindo kilicholitikisa gari. Mwalimu alizima injini na kuinua kiti. Mvuke haukuwa mwingi. Hakugusa kifuniko cha rejeta, ingawa mzee mwenzake wa msibani alishauri kifunguliwe upesi gari lipumue. Hapo ndipo watu huungua uso: maji ya rejeta yakiwa yamechemka chini ya msukumo, kifuniko kikilegea hurukia usoni. Husubiriwa nusu saa au zaidi, kisha kifuniko hufunguliwa kwa kitambaa kinene, robo mzunguko kwanza.

Walikaa chini ya mti dakika 40. Bibi aligawa maandazi. Kijana wa bodaboda alisimama, akauliza shida, akaenda na kurudi na fundi wa pikipiki kutoka Sindeni. Yule fundi wa Korogwe alielekeza kwa simu, spika ikiwa imewashwa: mipira miwili ya hita ya nyuma iko wapi, ikatwe wapi, kile kipande na klipu mbili vifungwe wapi. Bomba lililokuwa na unyevu asubuhi sasa lilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha. Kazi iliyoahirishwa kwa kukosa saa mbili ilifanyika kwa dakika 25, kando ya barabara, kwa bisibisi na kisu.

Waliongeza maji lita moja na nusu. Katikati ya shughuli hiyo simu ya mwalimu iliita. Alikuwa mnunuzi. Ilikuwa bado mchana, lakini mtu mwenye fedha mfukoni huona jioni inachelewa.

Mwalimu alimwangalia mkewe. Mama alikuwa ameinama kwenye injini, mikono imejaa oili, akikaza klipu ya pili kwa vidole vilivyozoea sindano.

"Mwambie halina hita tena," alisema. "Na benchi halitafungwa humu."

Mwalimu alitoka hatua kadhaa kando, akaongea kwa sauti ya chini kwa muda, akarudi na kukaa nyuma ya usukani bila kusema walichoelewana. Wote walipanda, mkanda mmoja baada ya mwingine. Bibi, ambaye hajawahi kuupenda mkanda, alihangaika na kifungo mpaka mjukuu akakibana.

Gari liliwaka mara moja. Dada wa Kijapani akasema maneno yake.

"Anasema nini huyu kila siku?" bibi aliuliza.

"Shikamoo," alisema mtoto wa miaka minne, kisha akamgeukia bibi. "Anasema tufunge mkanda."

Misima waliwashusha wazee saa 11 kasoro, vijana watatu wa stendi wakiwa wamewatangulia. Chanika waliingia kabla ya magharibi, mshale ukiwa katikati njia nzima. Mwalimu ana daftari la mazoezi la kurasa 48 ambalo huandika kila kitu cha gari hilo, na usiku huo, taa ya sebuleni ikiwa imewashwa na bibi amelala, aliandika tarehe, kilomita, "Sindeni, maji lita 1½, hita ya nyuma imekatwa," na chini yake, kwa mwandiko wa mkewe, "matairi manne kabla ya shule kufunguliwa."